Kelele Nilizodhani ni za Uwanjani

Mpendwa Mama Mshauri Miriam,

Naomba msaada wako, na naomba usome barua hii upesi, kwa sababu kesho Jumapili saa tano asubuhi timu yangu inacheza mchezo wa mwisho kabisa wa msimu na sijui kama moyo wangu utafika huko. Usinicheke, Mama. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, Mrundi, nina mke na binti mmoja, nakaa hapa Fairfield, naendesha foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, katika bohari la vigae vya bafuni kule Wetherill Park mwaka wa sita sasa, na kinachonitesa ni besiboli. Majina yote nimeyageuza, langu pia, kwa hiyo niite Fiacre.

Najua utauliza, Mrundi na besiboli wapi na wapi, na mimi mwenyewe nimejiuliza. Tulipofika Australia kutoka kambini Tanzania ilikuwa Julai, baridi ambayo hatukuwahi kuiona, tukaenda duka la mitumba nikachagua kofia ya buluu yenye herufi moja mbele, sikujua ni herufi ya nini, ilifunika masikio basi, na siku ya tatu nikiwa ndani ya treni mzee mmoja Mzungu akaiona, akanyanyua ngumi, akatamka jina fulani kwa furaha kubwa, akashuka zake akitabasamu. Mama, tangu tushuke kwenye ndege hakuna mtu nisiyemjua aliyekuwa amenisalimia. Nikaivaa kofia ile kila siku. Miaka miwili baadaye binti yangu Keza akaanza kucheza softiboli shuleni, akaniambia herufi ile ni ya timu gani huko Marekani, akanikalisha mezani akanichorea vituo vinne kwenye karatasi, akanifundisha mrushaji ni nani na mpigaji anatolewaje, na kuanzia hapo tukawa tunaangalia pamoja. Timu yenyewe sitaitaja, nyumbani tunaiita Ekipe ya Kofia, na tangu niijue haijawahi kuchukua kombe.

Mwaka huu imevuka mchujo wote. Imefika fainali, na fainali ya besiboli inachezwa hadi mechi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa, kwa hiyo mateso yenyewe yanachukua wiki nzima na zaidi. Huko kwao wanacheza jioni, huku kwetu ni saa tano asubuhi. Nikuambie jinsi mchezo huu unavyoua, Mama. Mpira wa miguu una saa, ukiona umebaki muda mfupi unajua shida inakaribia kwisha, lakini besiboli haina saa, inaisha watu wakishatolewa, na kama hawatolewi haiishi, na kati ya mrusho mmoja na mwingine kuna kimya, mrushaji anasimama, anatazama, anasugua mpira, anatazama tena, na katika kimya hicho mimi natoka jasho mpaka kiganjani. Tangu mchujo uanze nimepungua kilo nne. Sili asubuhi ya mechi. Shati niliyovaa siku waliyoshinda mechi ya kwanza sikumruhusu mke wangu Verdiane kuifua mpaka akaniuliza kama mimi ni mlokole au mganga. Nimesoma Zaburi kwa ajili ya bega la mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye hajui kama nipo duniani.

Verdiane anafanya kazi ya kuhudumia wazee, anajua kumtazama mtu. Jumapili iliyopita alinikuta nimesimama mbele ya televisheni, mikono nyuma, akaniambia, "Fiacre, kaa chini. Umesimama kama ulivyokuwa unasimama mbele ya ubao."

Ubao anaousema ni ule wa kambini, waliokuwa wanabandika majina ya wanaoitwa kwa usaili wa kuhamishwa. Tulingoja miaka kumi na moja. Kila karatasi mpya ilipobandikwa nilikwenda kuisoma kwa jicho moja, jingine nimelifumba, nikianzia chini kwenda juu kwa sababu siku moja rafiki yangu alisoma hivyo akajikuta yupo. Verdiane aliposema hivyo nilikaa chini, lakini sikumjibu.

Sasa kuna jambo la Alhamisi. Mechi ya tano niliisikiliza kazini, nilificha kispika kidogo cha sikioni chini ya vile vizuia kelele tunavyovaa, na nilikuwa tayari nimefanya hivyo kwa mechi nyingine mbili bila tatizo. Ilikuwa awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, robo saa kabla ya shifti kwisha, tunaongoza kwa pointi moja, wapinzani wana watu wawili kwenye vituo, na mimi narudi nyuma na paleti, lile jukwaa la mbao, limepangwa boksi za vigae. Nikasikia kelele. Nikadhani ni za uwanjani. Zilikuwa za Owuor, kijana Mkenya anayekusanya oda, alikuwa nyuma yangu ananiita, nami nikaendelea kurudi mpaka nikaona fulana ya njano kwenye kioo ikishuka chini. Nikakanyaga breki. Kati ya gurudumu na mguu wake hapakupita kiganja changu. Boksi mbili za juu zikaanguka, vigae vikapasuka, yeye akawa ameegemea rafu ameshika kifundo cha mkono alioangukia.

Aliniambia, "Buda, nimekuita mara tatu."

Shefu, yaani msimamizi wetu, akaja mbio akauliza kumetokea nini, na kabla sijafungua mdomo Owuor akasema, "Niliteleza tu, nilikanyaga nailoni." Shefu akaangalia mahali alipoangukia, akaona ni nje ya mstari wa manjano wa waenda kwa miguu, akamwandikia barua ya onyo palepale. Owuor ni kibarua anayeletwa na wakala wa ajira siku akihitajika, si mwajiriwa kama mimi. Ijumaa hakuitwa kazini. Leo kuna shifti ya ziada, nimesikia hakuitwa pia. Anakaa Minto, ana mtoto mchanga. Sijampigia simu, sijui nimwambie nini, na sijui kama alikiona kile kispika.

Basi, tulishinda mechi ile ya tano. Leo tumepoteza ya sita, sasa ni tatu kwa tatu. Wakati wa mechi Keza alisema, "Baba, tutashinda," nikamfokea kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake, kwamba anatuletea mkosi, na dakika tano baadaye wakatupiga. Akanyanyuka, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huu na sasa anatamani asingenifundisha. Amejifungia chumbani.

Mama Miriam, naomba uniambie jinsi ya kuutuliza moyo. Kesho niangalie au nisiangalie? Nizime simu niende kanisani na Verdiane? Nikienda kanisani nitakuwa nahesabu awamu kichwani. Nikikaa nyumbani nahisi kifua kitapasuka. Na kuna kitu kimoja sijamwambia mtu, nakuandikia wewe kwa kuwa hunijui. Pale nilipokanyaga breki, nikamwona Owuor amesimama, mzima, jambo la kwanza nililofanya kabla ya kuteremka ni kutega sikio nijue kama mpira wa mwisho waliopiga wapinzani umedakwa, tuwe tumeshinda.

Ulidakwa. Nilifurahi, Mama. Kwa nukta moja nilifurahi.

Ni mimi,
Fiacre, Fairfield


MIRIAM ANAJIBU

Ndugu Fiacre,

Barua yako imeingia kwa barua pepe, nimeisoma Jumamosi hiihii saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa uliacha namba, majibu haya nakutumia sasa hivi kwenye simu. Gazetini yatatoka yakitoka.

Kwanza pole. Sikucheki. Mume wangu Kiptoo, mtu mzima mwenye mvi, akiangalia marathoni kwenye televisheni, mbio zikifika kilomita ya thelathini na tano hutoka nje kwenda kuosha gari lililo safi, halafu ananituma mimi nichungulie. Mtu anayempenda mwenzake na hawezi kumsaidia hutetemeka, na shabiki hana msaada wowote wa kutoa. Kofia uliyosalimiwa kwayo ulipokuwa mgeni, binti aliyekuchorea vituo mezani, hayo si mambo ya kuonea haya. Ningekuwa wewe ningeipenda timu hiyo pia.

Sasa nivumilie. Umeniandikia kurasa mbili kuhusu moyo wako, na aya mbili kuhusu mguu wa Owuor, na hizo mbili umezianza kwa kusema "kuna jambo la Alhamisi", kama mtu anayesema kuna barua ya posta. Mimi ni muuguzi. Nimewahi kumshikilia mtu wakati daktari akimkatia kiatu ili afikie kilichobaki ndani. Usinifanye nikueleze zaidi. Ulivaa kizuia kelele, ukaweka kelele ndani yake, ukaendesha mashine ya tani kadhaa kinyumenyume. Na ulikuwa umeshafanya hivyo mara mbili "bila tatizo". Tatizo lilikuwepo mara zote tatu, ila mara mbili hapakuwa na mtu nyuma.

Unauliza jinsi ya kuutuliza moyo. Nadhani moyo wako unapiga hivyo kwa sababu una akili kuliko wewe. Tangu Alhamisi unajua kuna mwenzako amebeba onyo lisilo lake, na hujui pa kuuweka ujuzi huo, ndiyo maana unauweka kwenye bega la mrushaji. Ndiyo maana hata mtoto aliyesema "tutashinda" amefokewa. Keza hakuleta mkosi. Ulikuwa umeshauleta nyumbani siku mbili kabla, ndani ya sikio.

Kuhusu ubao, Verdiane amesema kweli, na mke anayekuona vizuri namna hiyo usimwache bila jibu. Miaka kumi na moja ya kusoma karatasi kwa jicho moja haimtoki mtu kwa sababu amepata hati ya kusafiria. Mwili ulijifunza kungoja habari kutoka kwa watu wa mbali wasiokujua, na sasa ukipata nafasi ya kungoja unangoja kwa njia ileile. Hilo nenda kamwambie daktari wako wa familia, pamoja na zile kilo nne na hicho kifua, wiki hii hii, akupeleke kwa watu wanaowasaidia waliotoka kambini. Wapo hapohapo Fairfield, na hawatakuona mwendawazimu. Lakini usiufanye ubao kuwa kinga. Kule kambini lilikuwa jina lako na la mkeo, ulikuwa na haki ya kutetemeka. Katika fainali hii hakuna jina lako. Jina lililoandikwa mahali wiki hii ni la Owuor, limeandikwa kwenye barua ya onyo, na wa kulifuta ni wewe peke yako.

Ile nukta moja ya furaha uliyoniambia kwa hofu, nakuelewa. Sitakuambia haikuwa kitu. Akili ya mtu aliyeshtuka hukimbilia popote, nimeona watu wakicheka kwenye mlango wa chumba cha maiti. Nukta ile siwezi kukuhukumu nayo. Ninazokuhukumu nazo ni siku mbili zilizofuata, kwa maana hizo ulizichagua.

Basi fanya hivi. Leo jioni, kabla hamjala, mwambie Verdiane yote, usiache kispika. Kisha gonga mlango wa Keza umwombe radhi, kwa maneno machache, na usimdai akusamehe papo hapo. Kesho asubuhi nenda Minto. Usipige simu, nenda wewe mwenyewe, na usianze kwa kuomba msamaha kana kwamba umeenda kuchukua kitu. Anza kwa kumwambia ulichofanya, kisha mwambie utakachofanya Jumatatu. Na Jumatatu ufike kazini kabla ya shifti, uweke hicho kispika mezani kwa shefu, useme Owuor alikuita mara tatu. Watakunyang'anya foklifti. Wakikunyang'anya, ni haki yao. Usilie mbele ya Owuor kwa sababu hiyo.

Umeniuliza uangalie mchezo au usiangalie. Angalia! Ukirudi kutoka Minto utakuta bado haujaisha, umesema mwenyewe hauna saa. Lakini ukae chini, kwenye kiti, uwe umekula, na usiangalie peke yako. Kuanzia leo besiboli haiingii sikioni mwako kazini, si fainali, si ya kirafiki. Simu yako ifungiwe kwenye kabati la nguo mpaka kengele ya kutoka ilie. Na hiyo shati, Fiacre, mpe mkeo aifue.

Miriam


BARUA YA PILI YA FIACRE
(imefika wiki tano baadaye, naichapisha kwa ruhusa yake. M.)

Mama Miriam,

Nilifanya. Verdiane aliponisikiliza hakupiga kelele niliyoingoja. Aliniuliza tu, "Treni ya kwenda Minto kesho ni saa ngapi?" Jumapili hakwenda kanisani, tulikwenda wote, tukabadilisha treni Glenfield.

Owuor alifungua mlango mtoto akiwa begani, kifundo cha mkono kimefungwa bandeji. Akamkaribisha Verdiane, mimi akaniacha nisimame pale pale. Nikamwambia kuhusu kispika.

"Nilikiona," akasema. "Siku hiyohiyo, ukishuka. Kilikuwa kinaning'inia."

Nikamuuliza mbona aliniokoa kwa shefu.

"Sikukuokoa, mzee. Nilikuwa nakupea nafasi useme mwenyewe. Nikangoja Alhamisi. Nikangoja Ijumaa. Jana nikamwambia mke wangu, huyo hasemi."

Nikamwambia nitakachofanya Jumatatu. Akasema sawa, tutaona. Verdiane akambeba mtoto kidogo, tukaaga.

Tulipofika nyumbani ilikuwa awamu ya saba. Keza alikuwa kwenye kochi, akakunja miguu ili nipate mahali pa kukaa. Verdiane akaleta wali na maharage, nikala. Awamu tisa zikaisha sare, mchezo ukaenda mpaka ya kumi na moja, tukashindwa kwa pointi moja. Iliniuma, Mama, nisikudanganye, mpaka Keza akanipa karatasi ya kujifutia. Lakini iliuma kama mchezo tu unavyouma. Nilikuwa sijui maumivu hayo yana ukubwa gani hasa, kwa sababu siku zote nilikuwa nayachanganya na mengine.

Jumatatu niliweka kispika mezani. Nimeandikiwa onyo, la mwisho, nikaondolewa kwenye foklifti wiki nne nikawa nafunga paleti kwa mkono. Barua ya Owuor shefu aliichana mbele yetu, Jumatano akaitwa tena kazini. Kwa daktari nimekwenda, amenipeleka kwa mama mmoja ninayezungumza naye kila baada ya wiki mbili, na juzi nilimsimulia habari za ubao mpaka mwisho kwa mara ya kwanza.

Wiki hii nimefanyiwa majaribio upya nikarudishiwa foklifti. Owuor bado anakula meza nyingine, na simlaumu. Ila anapotaka kupita nyuma yangu ananyanyua mkono juu. Hasemi neno. Nami nazima mashine kabisa, nageuka nimwone kwa macho yangu mawili, nasimama mpaka apite.